Waya Imelegea

Mama alianguka kutoka kwenye ngazi mwezi wa Agosti, akichungulia tangi la maji. Kwetu Kitui, mvua ya Aprili ikishakatika, lazima ujue maji yaliyobaki ni kiasi gani. Ukikosea hesabu, utanunua kwa mtungi hadi Novemba. Hakuvunjika. Aliteguka mguu tu, akanipigia simu huku akicheka. Mimi sikucheka.

Jumamosi hiyo nikashuka Luthuli Avenue. Mimi si injinia, lakini hata Arduino, bodi iliyoeneza mambo haya, ilibuniwa mwaka wa 2005 huko Ivrea, Italia, kwa ajili ya wanafunzi wa usanifu ambao hawakusomea umeme. Nikanunua bodi, kihisi cha mwangwi, moduli ya laini ya simu na fungu la waya za kuchomeka. Hakuna kulehemu. Unachomeka, ukikosea unachomoa, unaanza upya.

Kihisi chenyewe kina macho mawili kama bundi. Jicho moja hutoa mlio ambao sikio la binadamu halisikii. La pili hungoja mwangwi urudi kutoka kwenye maji. Mwangwi ukichelewa, maji yako chini. Bodi inapiga hesabu, moduli inanitumia mesej saa kumi na mbili asubuhi: "Maji sm 112." Ya kwanza ilinipata kwenye matatu, karibu nimwonyeshe kondakta.

Lakini kinachochomoka kirahisi huchomoka chenyewe. Mjusi akipita, waya imelegea. Upepo ukivuma, waya imelegea. Moduli ya simu nayo ikitafuta mtandao hunyonya umeme kwa ghafla, hadi ampea 2, na betri ikiwa dhaifu kila kitu kinazima. Mara nne nilipanda gari hadi nyumbani kuchomeka waya moja.

"Hiki kitu chako kitaisha lini?" mama akaniuliza.

"Bado ni cha majaribio, mama."

Oktoba, kabla mvua haijaanza, namba ikakwama. Sm 87. Kesho yake, sm 87. Siku ya tatu, sm 87. Nikajisemea, ni waya tu, nitaenda mwisho wa mwezi. Kumpigia sikumpigia. Siku hizi mesej ndiyo ilikuwa salamu yetu.

Jioni hiyo jirani akanipigia. Mbuzi walikuwa wakilia kwa kiu, ndiyo akaingia kuangalia. Mama alikuwa kitandani na malaria, simu imezima, hajachota hata ndoo moja kwa siku tatu.

Ningefikiria kidogo tu ningejua. Programu niliiandika mwenyewe: waya ya kihisi ikilegea, inaleta sufuri. Hairudii namba ileile asubuhi tatu. Kifaa kilikuwa kizima. Kilipima maji ambayo hakuna aliyeyagusa, kikaniambia.

Mama alipona. Desemba nilirudi na kifaa cha kulehemu, nikaunganisha kila waya mahali pake, nikafunga vyote ndani ya kopo la plastiki. Mama alinishikia tochi. Nikamweleza habari ya zile namba tatu.

Akanyamaza kidogo. "Kwa hivyo kilikuwa kinakuambia?"

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ukasema kimeharibika."

Nikamwomba asogeze tochi karibu.