Pumzi Kumi

Wahenga walisema hasira hasara. Mimi hasara hiyo niliiona kwetu Mayungu, msimu wa kusi. Bahari ikichafuka baba hapati samaki, na karo haipatikani. Siku niliyorudishwa nyumbani nilimlaumu baba mbele ya watu. Wiki mbili sikumpa shikamoo.

Mwalimu wa chama chetu alikuwa ametusimulia habari za Wabuddha, ambao hata Dar es Salaam wana hekalu lao, pale Upanga. Mtu huketi kimya akaiangalia pumzi yake tu. Kisha huwatakia watu heri: kwanza nafsi yake, halafu ampendaye, halafu hata aliyemuudhi. Mimi ni Mwislamu na dini sikubadili, lakini nilikaa ufuoni nikahesabu pumzi hadi kumi. Ya nne tu nikapotea! Nikaanza upya. Nilipofika zamu ya baba, moyo uligoma. Ndipo nikakumbuka viganja vyake vilivyochanwa na kamba za nyavu.

Jioni nilimpelekea chai.

"Shikamoo baba. Nisamehe."

"Marahaba mwanangu. Kaa tunywe."

Wenzangu, karo bado haijatimia, lakini nyumbani sasa twaongea.