Chuma Kilichoota Mabawa

Anayetaka kujua watu wa Mpanda wamesafiri kwa vyombo gani tangu nikiwa kijana, awatazame wadudu wetu wa bustani. Mende wa mwanzo wana migongo mizito iliyokatwa kwenye springi za malori. Panzi waliokuja baada yao wana miguu ya spoku na matumbo ya cheni za baiskeli. Siafu tunaowauza leo ni bodaboda tupu: kichwa nati, kifua beringi, tumbo plagi kuukuu, macho gololi. Hatukupanga iwe hivyo. Tulikifuata chuma pale kilipolala.

Mjomba wangu, aliyenifundisha kazi, alianza na mvukuto na mkaa kabla hajashika mashine ya kuchomelea. Upande wa mama yake walikuwa Wafipa, na habari za malungu alizisimulia kama mtu anayetaja ukoo wake: matanuru ya udongo marefu kuliko mtu, mawe ya chuma na mkaa vikipangwa tabaka kwa tabaka, moto ukivuta hewa wenyewe kupitia matundu ya chini, kisha bonge linalotoka likasafishwa katika tanuru dogo kabla ya kufuliwa jembe. Majembe ya kiwandani yalipojaa madukani enzi za wakoloni, malungu yakapoa. Mjomba alizaliwa katika zama za kuokota chuma, si za kukiyeyusha.

Na Mpanda kulikuwa na cha kuokota. Kampuni ya Uruwira Minerals ilichimba risasi pale Mukwamba, na reli ya kutoka Kaliua, kilomita 210, ilijengwa kwa ajili ya mgodi huo. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, reli ikabaki. Vipande vya mabomba na mashine vikazagaa mitaani, vikawa vizuizi vya milango, fuawe, kengele za shule. Chuma cha reli yenyewe hakikuruhusiwa kuvuka kizingiti cha karakana yetu. Aliyekileta alijibiwa kwa swali moja: "Mwanangu, reli ikikatwa, mahindi yetu yatatoka hapa kwa mgongo wa nani?"

Mdudu wa kwanza alizaliwa kwenye geti. Mwenye nyumba moja ya wageni, ambaye pia aliuza asali, aliagiza geti lenye maua. Mjomba akaona maua matupu hayatoshi, akaongeza nyuki aliyetua. Wageni wakawa wanamsifia nyuki kuliko geti. Haukupita muda mrefu watu wakaanza kumtaka nyuki peke yake, amesimama juu ya kipande cha nondo katikati ya mikanna na mirosheni. Ndipo nilipoanza kuipenda kazi hii kwa moyo wote, maana geti hupimwa kwa futi, lakini mdudu hupimwa kwa jicho.

Kumtengeneza nyuki kulinipeleka Inyonga, kwa warina asali. Nilitaka kuona jinsi bawa linavyoshikana na mwili. Nyuki ana mabawa manne, lakini akiruka, la nyuma hujinasa kwenye la mbele kwa vijindoano, yakawa kama mawili tu. Tangu siku hizo sikati tena bawa la nyuki kwa bati moja. Nakata mawili na kuyakutanisha ukingoni. Mteja wa kawaida haoni tofauti. Mrina asali huiona akiwa bado mlangoni, na sifa yake naithamini kuliko malipo. Mizengo Pinda, mwana wa mkoa huu aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia 2008 hadi 2015, alihimiza ufugaji wa nyuki kila alikokwenda, na nyuki wetu wa chuma nao wakapata soko.

Umeme ndio uliotutesa. Kwa miaka mingi Mpanda tulitegemea majenereta ya dizeli, na nguvu ikishuka, rodi inanata kwenye chuma badala ya kuyeyuka. Kazi nyembamba, kama vile kuunga papasi na kucha, tuliiweka hadi usiku, majirani wakishazima vifaa vyao. Wadudu wengi wa wakati ule ni wanene kwa sababu hiyo: chuma kinene kinasamehe, spoku haisamehe.

Kisha zikaja bodaboda, na kwangu hayo ndiyo mapinduzi makubwa kuliko yote. Kila gereji ikawa na debe la vyuma vidogo vilivyosagika kwa utaratibu: sproketi zenye meno, valvu, beringi, springi za klachi. Valvu ya pikipiki ukiigeuza ni mguu wa panzi ulio tayari. Mkoa wa Katavi ulikuwa umezaliwa, mwaka 2012, ofisi na nyumba za wageni zikaongezeka, na kila jengo jipya likataka bustani.

Lami ya kutoka Tabora ilipokamilika, ilikuja na mizani. Wanunuzi wa skrepa wanafika na malori, wanapima, wanalipa papo hapo. Kijana aliyekuwa akiniletea debe kwa bei ya soda sasa anauliza kilo shilingi ngapi, na ana haki. Ila sproketi nzuri inaondoka pamoja na sufuria iliyotoboka kwenda kuyeyushwa, na hilo linaniuma. Nimezoea kuamka mapema kuliko lori.

Mwalimu mmoja aliniagiza nzige mwekundu kwa bustani ya shule. Ni mdudu wa hapa hasa. Bonde la Rukwa na mbuga za Iku-Katavi ni miongoni mwa mazalia yake yanayojulikana, na wimbi lililoanza miaka ya 1930 lilisambaa hadi kusini mwa Afrika. Mwaka 2009 walipozidi tena, FAO ilisaidia kunyunyizia dawa ya ukungu wa Metarhizium, unaowaua nzige bila kuwadhuru wanyama wa Hifadhi ya Katavi. Wekundu wa nzige huyu umejificha chini, kwenye mabawa ya nyuma, kwa hiyo nilimtengeneza akiwa anaanza kuruka. Akitua, rangi yote inafichika. Bibi mmoja aliyepita akamtazama akasema, "Huyu namjua, alikula mtama wetu." Watoto wakamzunguka kumwuliza, na somo la siku ile alilifundisha yeye.

Hakuna aliyewahi kuniagiza mbung'o. Anawauma watalii na askari wa hifadhi, anawaua ng'ombe kwa nagana na watu kwa malale, nani amtake karibu na maua yake? Lakini ni yeye aliyewazuia wafugaji kuingia katika sehemu kubwa ya miombo hii, na bila yeye sidhani kama kungekuwa na hifadhi ya kutangaza mwaka 1974. Kwa hiyo namtengeneza bila mteja. Akipumzika hulaza bawa juu ya bawa, kama mikono iliyokunjwa, na mrija wake huchomoza mbele. Mrija nimeupata kwenye shina la valvu. Mabawa nayakata wiki hii, yote mawili kwenye bati moja la tangi la pikipiki, ili kutu yake ifanane.