Kwenye Dirisha la Methadoni

Sehemu kubwa ya utumishi wa mwandishi wa tawasifu hii, ambaye ni mfamasia, imepita katika kugawa methadoni, dawa ya maji inayonywewa kila siku mbele ya mhudumu, ambayo hushika vipokezi vilevile vya ubongo vinavyoshikwa na heroini, ila kwa utaratibu na kwa muda mrefu zaidi, hivyo ikamwepusha mraibu na arosto, yaani maumivu, kuharisha na kukesha kunakompata anapokosa unga. Tiba hiyo, iliyotangazwa mwaka 1965 na madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander wa New York, ilianza kutolewa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2011, na mwandishi aliajiriwa katika kliniki mojawapo iliyofunguliwa baadaye.

Lililomshughulisha kuliko yote ni hali ya wagonjwa wenye kifua kikuu. Rifampisini, dawa kuu ya ugonjwa huo, huchochea vimeng'enya vya ini, yaani protini zinazovunjavunja dawa mwilini, hata methadoni ikaisha kabla ya saa zake. Mgonjwa aliyekwisha kutulia kwa miezi hurudi dirishani akipiga miayo, pua ikimchuruzika na malaika yamemsimama mikononi, akisema dozi haimfikishi asubuhi. Na wapo watumishi waliozoea kumjibu kwamba hayo ni maneno ya teja anayetaka kuongezewa. Kwa maoni ya mwandishi, jibu hilo ni la hatari, kwani mgonjwa akishaona kwamba vidonge ndivyo vinavyomletea arosto, huviacha, kifua kikuu kikaendelea, ama huurudia unga.

Anachostahili ni kuongezewa dozi kidogo kidogo kwa kufuata dalili zake, kisha, jambo ambalo husahaulika mno, kupunguziwa dozi hiyo rifampisini inapokoma, kwa sababu ini hurudia mwendo wake wa awali baada ya wiki chache, na dozi iliyokuwa ikimtuliza inaweza kumzuia kupumua. Ndiyo maana mwandishi alikuwa akiandika kwa wino mwekundu, juu ya jalada la kila mgonjwa wa namna hiyo, tarehe ya kumaliza vidonge, na tangu siku hiyo, kabla ya kumpa kikombe, alimwuliza kama ameamka kwa tabu au amesinzia kwenye daladala.