Maua ya Uani na Maji ya Dumu

Wasomaji wetu, si kila mtu mwenye shamba. Sisi tukaao mji wa kale wa Mombasa aghalabu tuna ua mdogo tu, kuta zake za mawe, na jua la adhuhuri lapiga humo kama tanuri. Ua huo watosha kwa maua, mradi mtu ajue kuchagua.

Wengi huanza kwa waridi, kwa kuwa ndilo lisifiwalo. Hatuwashauri hivyo. Mawaridi yauzwayo madukani hutoka nchi za juu kama Naivasha, kiasi cha mita 1,880 juu ya bahari, ambako usiku una baridi. Kwetu usiku ni joto, na waridi hufunguka kwa haraka likapukutika.

Boganvilia, mti uliotoka Amerika ya Kusini, hustahimili jua, kiu na hata chumvi kidogo. Ile rangi yake nyekundu ni majani. Ua lenyewe ni dogo jeupe lililojificha ndani. Ukiunywesha sana hutoa majani mabichi na kusahau kupamba. Lakini haunukii, nasi, tusifichane, ua lisilonukia twaliona kama mgeni asiyesema.

Rehani ni jepesi kulea: kata vichwa vyake kabla havijatoa mbegu, nalo litachipua upya. Mtume wetu (s.a.w.) alitufundisha tusimrudishie mtu atupaye rehani, kwani ni jepesi kuchukua na harufu yake ni njema.

Ama asumini, hilo ndilo lenye kesi. Lapenda jua, na hutoa maua katika machipukizi mapya, kwa hiyo hapana budi kulipogoa. Vitumba huchumwa baada ya alasiri vingali vimefumba, vikafunguka usiku. Lakini lataka maji matamu, na visima vya kisiwani vina chumvi, ambayo huunguza ncha za majani.

Kaskazi hii mifereji ilikauka, tukawa twanunua maji ya mkokoteni, madumu ya lita 20. Mwanetu mkubwa, ambaye ndiye alipaye, alisema kwa adabu: “Baba, maji haya ni ya kunywa na kutawadhia. Tung’oe asumini, tusakifu ua kwa saruji.”

Hakukosea. Lakini jirani yetu, mama mjane, huchuma vitumba hivyo, akavitia pamoja na rehani na mkadi, akasuka vikuba vya kuuza siku za harusi. Fedha hizo ndizo za jiko lake. Kung’oa miti ile ni kumfungia mlango bila ya kumwambia neno.

Tulikaa sote, naye jirani akiwapo. Tuliafikiana ya kwamba dumu lisiguswe kwa ajili ya maua. Miti ipewe maji yaliyooshewa mchele na mboga, na yale ya udhu yaliyokingwa katika beseni, yasiyo na sabuni. Hutiwa baada ya magharibi, jua lisiyanyonye, na shinani tumetandaza makumbi ya nazi. Maji hayo yatosha miti miwili, nasi tulikuwa na mitatu.

Mti wa tatu uling’olewa, na upande wake umekwisha sakifiwa. Kwanza tulikata vijiti sita tukavipanda katika makopo. Vinne vimekufa. Viwili vina majani, navyo viko mlangoni kwa jirani, kivulini, vikingoja masika.