Nani Analipia Hadithi Zetu?

Jamani, wiki hizi nimekuwa nikisoma habari za mabaraza ya utamaduni na fikra ya majimbo ya Marekani. Najua wengine mtauliza, "Hayo yanatuhusu nini?" Subirini kidogo.

Mwaka 1965 Rais Lyndon Johnson alitia sahihi sheria iliyoanzisha mfuko wa taifa wa kusaidia historia, lugha, fasihi na falsafa. Lakini Washington ni mbali na maktaba ya mji mdogo. Ndiyo maana miaka ya mwanzo ya 1970 yakaanza kuundwa mabaraza majimboni. Leo yako 56: kila jimbo na lake, mji mkuu, na maeneo matano ya visiwani.

Kilichonivutia ni kwamba hizi si ofisi za serikali. Ni mashirika yasiyotafuta faida, yenye bodi zake. Washington ikitoa dola, baraza nalo lazima lionyeshe mchango wa thamani hiyo hiyo kutoka kwingine, hata kama ni kazi ya kujitolea. Kisha hugawa ruzuku ndogo ndogo: mjadala wa kitabu maktabani, maonyesho ya historia ya mji, kurekodi kumbukumbu za wazee.

Chukueni Minnesota, jimbo lenye Wasomali wengi kuliko majimbo mengine yote ya huko. Miaka ya 2000 baraza lake, Minnesota Humanities Center, lilichapisha ngano za Kisomali za watoto, Kisomali na Kiingereza ndani ya kitabu kimoja. Mojawapo ni ile ya simba na wenzake kugawana nyama. Mtoto aliyezaliwa kwenye theluji anasomewa ngano ya bibi yake, kwa lugha ya bibi yake. Mfanyabiashara gani angeona faida hapo?

Sasa sikieni. Aprili 2025 serikali ya Marekani ilifuta ghafla ruzuku za mabaraza haya. Mwezi huo huo Mellon Foundation ikatangaza dola milioni 15 za dharura. Agosti, jaji mmoja wa Portland akazuia hatua ile kwa muda, akiona huenda imevunja sheria.

Wengine watasema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Sikubali moja kwa moja. Fedha za serikali si za ndugu, ni kodi ya wananchi wenyewe. Ila mifereji inatakiwa iwe mingi, ili mmoja ukizibwa kisima kisikauke.

Mimi nikienda kumrekodi mzee, nauli na betri hutoka mfukoni mwangu. Mfuko wangu ukitoboka, hadithi ya mzee huyo inabaki kwake, na akiondoka anaondoka nayo. Halmashauri zetu zina bajeti ya barabara na vyoo, na ni haki. Lakini je, mmewahi kumuuliza diwani wenu fungu la hadithi liko wapi? Mimi nitamuuliza wangu.