"Ashia maktaiya" haikati mtu

Wasikilizaji wetu, baada ya kipindi cha juzi kuhusu kuwatafsiria wazee hospitali, wengi mmetaka niwaeleze vizuri habari ya mpwa wangu.

Mtoto ana miaka 9. Alikuwa na mafua wiki nzima, kamasi nzito, homa inakwenda inarudi. Siku hiyo kaamka jicho la kushoto limevimba, halifunguki, na akiligeuza linamuuma. Dada akamkimbiza hospitali hapa Ibra, mimi na bibi nyuma yake.

Daktari kamwambia dada kwa Kiarabu: jiyub zimewaka, anataka ashia maktaiya haraka. Bibi alikulia Unguja, Kiarabu chake cha kuombea maji. Alidaka neno moja tu: "kata". Akamshika mtoto mkono. "Hakatwi mtu hapa!"

Basi ikawa kazi yangu. Bibi, jiyub ni mifuko, mifuko ya hewa ndani ya mifupa ya uso. Mafua yakiziba milango yake, usaha hujaa. Baina ya mifuko hiyo na jicho pana ukuta mwembamba kama karatasi, na kwa watoto maradhi hupenya upesi. Kwa nje daktari anaona uvimbe tu, hajui usaha umekaa wapi. Hiyo CT inakata picha, slesi slesi kama boflo. Mtoto mwenyewe analala tu.

"Na sindano ya nini?"

Ya dawa ya kung'arisha picha, usaha uonekane mbali na nyama. Wanauliza kwanza kama ana mzio au shida ya figo. Bibi akauachia mkono.

Dakika chache tu, kwisha. Usaha ulikuwa baina ya mfupa na jicho, ubongo salama. Wangeshuku ubongo, au damu kuganda kwenye mishipa ya nyuma ya jicho, wangeongeza MRI. Akatiwa dawa za mshipani, akapelekwa Maskati, usaha ukatolewa kwa kupitia puani. Alhamdulillahi, anaona vizuri.

Sasa msiombe CT kwa kila mafua. Mengi hupona bila picha, na mashine ile ina mionzi. Lakini jicho likivimba, mtu akiona viwili viwili, paji la uso likifura, au kichwa kikiuma sana pamoja na kutapika au shingo kukaza, nendeni usiku huo huo.

Na wenye wazee wa Kiswahili nyumbani, waelezeni mapema ashia maktaiya ni kitu gani. Bibi yangu siku hizi ndiye anayewaeleza majirani, boflo na yote.