Behewa Namba 12 na Mlango Uliojifunga

Reli ilipokuwa changa katika Afrika, wakubwa wake hawakuwa na mahali pa kulala njiani. Stesheni nyingi zilikuwa kibanda cha mabati na tangi la maji, basi. Kwa hiyo walijengewa magari yao wenyewe, ndiyo mabehewa ya ukaguzi: nyumba ndogo juu ya magurudumu, yenye vitanda na meza, na kando yake chumba chembamba cha watumishi. Behewa lilifungwa kwenye gari moshi. Mkubwa alipofika penye kazi, lilifunguliwa na kuachwa kwenye njia ya pembeni, naye akakaa humo mpaka amalize kukagua. Huko Uingereza mabehewa ya namna hii yaliwekewa vioo vikubwa miishoni, ili mhandisi aketi na kuitazama reli ikikimbia mbele yake au nyuma yake.

Wako watu, hasa Ulaya, ambao katika saa zao za mapumziko huyachunguza magari hayo na kuyaunda upya kwa udogo. Msicheke, wasomaji wapenzi, mkidhani ni mchezo wa watoto. Nchini Uingereza wengi hutumia kipimo cha 1 kwa 76. Lakini reli ndogo wanazouziwa zina upana wa milimita 16.5, hali reli ya kweli ya milimita 1,435 ingepaswa kuwa karibu milimita 18.8. Kwa sababu ya milimita mbili hizo watu wazima wamebishana miaka mingi, na wengine wametengeneza upya magurudumu yote kwa mikono yao. Sisi twawasifu. Mtu asiyejali milimita mbili katika kazi ndogo, atajali nini katika kazi kubwa?

Jambo la kwanza wanalotufundisha ni kuchagua mwaka. Gari haliwi vilevile siku zote za maisha yake. Liko behewa moja la Kiingereza, liitwalo Caroline, ambalo lilijengwa 1957 kuwa gari la kuuzia vyakula, na 1969 likageuzwa kuwa gari la ukaguzi. Mwenye kuunda mfano wake bila kutaja mwaka ataunda gari ambalo halijapata kuwako.

Basi sisi, pamoja na wanafunzi wetu wa Kalemie wanaojifunza useremala, tulichagua behewa moja na usiku mmoja: behewa namba 12 la Reli ya Uganda, usiku wa tarehe 6 Juni 1900, stesheni ya Kima, katika nchi ya Wakamba.

Safari yetu ya uchunguzi ilianza kwa kuvuka ziwa mpaka Kigoma. Reli ya Kijerumani ilifika huko 1914. Tulipiga magoti kandokando ya njia na kupima kutoka uso wa ndani wa reli moja hadi uso wa ndani wa reli ya pili: mita moja kamili. Ndiyo mita ileile ya Reli ya Uganda, iliyoanza Mombasa 1896, ikafika Nairobi 1899 na Ziwa Viktoria 1901. Njia yetu ya Kalemie hadi Kabalo, iliyomalizika 1915, nayo ilianza kwa mita moja. 1955 ilipanuliwa kuwa milimita 1,067 ili iungane na reli za Katanga. Upana wa reli ni rafiki wa mwenye kuunda mifano, kwani ndicho kipimo asichohitaji kukikisia. Tukachagua 1 kwa 20: reli yetu ikawa milimita 50, na mtu wa sentimeta 170 akawa sentimeta 8 na nusu.

Kutoka Kigoma tulikwenda kwa mabasi, siku nyingi na vumbi jingi, ambazo hazina la kusimulia.

Makumbusho ya Reli ya Nairobi yalifunguliwa 1971, wakati Kenya, Uganda na Tanzania zilipokuwa bado na shirika moja la reli. Shirika hilo lilivunjika 1977. Tangu 2017 abiria wa Mombasa wanapanda magari ya reli mpya, iliyo pana zaidi, nje ya mji. Lakini magari ya kale yamebaki pale karibu na stesheni ya zamani, injini kubwa za mvuke zikisimama kimya kama ng'ombe waliolala. Kati yao limo behewa la mbao namba 12. Tulikuja na futi ya kamba, fimbo ya mita moja iliyopakwa rangi nyeupe na nyeusi, na daftari. Fimbo ile huegemezwa kwenye ukuta wa gari kabla ya kupiga picha. Baadaye, ukiitazama picha, fimbo yakuambia urefu wa kila dirisha. Lakini gari hili lilitumika miaka mingi baada ya 1900, na hatukudhani kila ubao ni wa usiku ule. Kila tulichokiona tulikilinganisha na maandishi ya J. H. Patterson, ambaye kitabu chake cha 1907 kinasimulia habari hizi. Patterson ndiye aliyewaua simba wawili wa Tsavo mwezi Desemba 1898. Simba wa Kima ni mwingine, ingawa watu wengi huwachanganya. Wala Patterson mwenyewe hakuwamo katika behewa lile.

Mkasa ni huu. Charles Ryall, mkuu wa polisi wa reli, alikuwa akienda Nairobi katika behewa lake pamoja na wenzake wawili, Huebner na Parenti. Walipofika Kima waliambiwa kwamba simba mla watu yuko karibu. Behewa likafunguliwa na kuwekwa njia ya pembeni. Njia hiyo ilikuwa haijamalizika, kwa hiyo behewa halikusimama sawasawa. Liliinama upande mmoja. Jioni walimtafuta simba wasimwone. Usiku Ryall aliwaambia wenzake walale, yeye akashika zamu ya kwanza. Huebner alilala kitanda cha juu, Parenti sakafuni. Ryall naye usingizi ukamshinda.

Simba aliingia kwa mlango wa kusukuma kando, ambao haukuwa umefungwa kwa kufuli. Mara alipokwisha kuingia, mlango ukarudi wenyewe na kujifunga. Akamkanyaga Parenti, akamshika Ryall, akatoka naye kwa dirisha. Mabaki yake yalionekana asubuhi, mbali kidogo na njia. Simba yule baadaye alinaswa katika mtego, akaonyeshwa kwa watu siku kadhaa, kisha akapigwa risasi.

Hapa ndipo penye ubishi. Watenda kazi wa Tsavo walisadiki kwamba simba wao hawakuwa wanyama, bali mizimu. Na kwetu Kalemie yuko mzee mmoja, mtu wa heshima aliyefanya kazi ya reli ujana wake wote, aliyetuambia waziwazi: «Mwalimu, mnyama hafungi mlango. Mwenye kufunga mlango ni mtu.» Wanafunzi walimsikia, na baadhi yao waliogopa. Hatukutaka kumjibu mzee kwa maneno matupu.

Patterson aandika kwamba mlango ule ulikuwa na magurudumu madogo yaliyopita kwa wepesi juu ya chuma cha shaba, na kwamba kuinama kwa behewa pamoja na uzito wa simba ndiko kulikoufunga. Tukaunda milango miwili ya mfano wetu: mmoja wa kuteleza mbao juu ya mbao, wa pili wenye vigurudumu juu ya utepe wa shaba. Tukainua upande mmoja wa reli kwa vipande vya karatasi ngumu, kimoja baada ya kimoja. Mlango wa mbao haukujongea, hata gari lilipokaribia kuanguka. Mlango wa vigurudumu ulianza kutembea kwa vipande vichache tu.

Ikabaki kumwingiza simba. Wanafunzi walidhani uzito wake utagawanywa kwa 20. La: urefu hugawanywa kwa 20, na upana vivyo hivyo, na kimo vivyo hivyo, kwa hiyo uzito hugawanywa kwa 8,000. Simba wa kilo 160 akawa kipande cha risasi cha gramu 20. Tulikiweka ndani, gari likalala zaidi juu ya springi zake, mlango ukaenda ta! na kujifunga.

Springi zenyewe tulizitoa katika kalamu za wino. Nazo si springi za behewa la kweli, kwa hiyo mfano wetu hauwezi kuapa kwamba ndivyo ilivyokuwa. Waonyesha tu kwamba mlango wa namna ile, penye mwinamo, hauhitaji mkono wa mtu.

Tulimpelekea mzee gari lile nyumbani kwake. Aliliweka juu ya meza, akavaa miwani, akaujaribu mlango mara nne au tano bila kusema neno. Kisha akasema: «Vema. Mlango nimeuona. Lakini humu wamo mabwana watatu. Watumishi wao walilala wapi, Mwalimu?»

Tukafungua paa, tukamwonyesha chumba kile chembamba na mlango wake wa pili. Huebner, aliporuka kutoka kitandani, alikimbilia huko akipita juu ya mgongo wa simba. Watumishi walioamshwa na kelele walikuwa wameushikilia mlango kwa nguvu zao zote, na baada ya kumpokea waliufunga kwa vilemba vyao. Majina yao Patterson hakuyaandika, hata moja. Mzee alichukua kijiti cha kiberiti, akakikata vipande, akavipanga sakafuni mwa chumba kile kimoja kimoja, apate kuona wangeenea wangapi.